Cheti cha usalama wa mtandao: Ni nani amekiidhinisha?

WAKAZI wanaosafiri kwenye barabara kuu ya Thika, kutoka Githurai katika wadi ya Kiuu hadi Ruiru na mjini Thika, wamezoea kuona mabango ya vyuo vya kompyuta juu ya maduka na kwenye orofa za majengo ya kukodisha. Zamani vyuo vya aina hiyo vilijulikana kwa kufunza upigaji chapa na matumizi ya kawaida ya kompyuta. Siku hizi somo linalowavutia vijana ni usalama wa mtandao, yaani elimu ya kulinda kompyuta, simu na hazina za data dhidi ya wadukuzi.

Mzazi anayelipa karo ya somo hilo anapaswa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: Cheti kitakachotolewa mwishoni kimeidhinishwa na nani?

Swali hili ni zito katika eneo hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, na kuufanya wa nne kwa ukubwa nchini, huku Thika ikiwa na watu 251,407. Vyuo vikuu vya Kenyatta, JKUAT, Mount Kenya na Zetech viko kando ya barabara hiyo au karibu nayo. Kijana ambaye hakupata nafasi huko, au ambaye familia yake haimudu karo ya miaka minne, hutafuta kozi fupi karibu na nyumbani. Yeye ndiye anayeweza kupoteza pesa na wakati kwa karatasi isiyotambulika.

Udogo wa chuo si kosa. Zetech yenyewe ilianza mwaka wa 1999 kama chuo cha kompyuta na kupanda ngazi hadi ikapewa hati ya chuo kikuu mwaka wa 2022. Kinachotenganisha chuo halali na biashara ya vyeti ni ithibati: uthibitisho wa chombo chenye mamlaka kisheria kwamba mahali, mwalimu na somo vimekaguliwa na kufikia kiwango kilichowekwa.

Karatasi za ukutani

Katika ofisi ya chuo huenda mgeni akaona karatasi kadhaa zilizowekwa kwenye fremu. Si zote zinazohusu elimu. Kibali cha biashara kutoka kwa serikali ya kaunti huonyesha kwamba mwenyewe amelipa ada na ameruhusiwa kufanya biashara mahali hapo. Cheti cha usajili wa kampuni huonyesha kwamba kampuni ipo kisheria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba anayefunza anaijua kazi yake.

Kwa vyuo vya kiwango cha chini ya chuo kikuu, mwenye mamlaka ni TVETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya kiufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo inakataza mtu kuanzisha au kuendesha chuo cha kiufundi bila ithibati na usajili. Wakaguzi hutazama majengo, vifaa, usimamizi na uwezo wa chuo wa kugharamia mafunzo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Usajili wa chuo ni jambo moja na idhini ya kozi ni jambo jingine. Wakufunzi nao husajiliwa na kupewa leseni mmoja mmoja. Kwa hiyo chuo kilichokubaliwa kufunza upishi au ushonaji hakipati haki ya kufunza usalama wa mtandao kwa sababu tu jina lake limo kwenye orodha ya TVETA. Mzazi anayeishia kuthibitisha jina la chuo amefanya theluthi moja ya kazi.

Mitihani nayo ina wenyewe. Baraza la mitaala na utahini wa mafunzo ya kiufundi, CDACC, lililoundwa kwa sheria hiyo ya 2013, husimamia kozi zinazopima ujuzi wa kutenda kazi. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, pia limetahini vyuo vya kiufundi kwa miaka mingi. Digrii zote ziko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

Juu ya vyombo hivyo kuna KNQA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2014 ili kuvipanga vyeti vyote vya nchi katika mfumo mmoja wa ngazi na kulinganisha vyeti vya kigeni na vya humu nchini. Cheti kisicho na nafasi katika mfumo huo humpa taabu mwenye nacho siku anapotaka kuendelea na masomo au kuomba kazi serikalini.

Vyeti vya kimataifa

Usalama wa mtandao una mkanganyiko wake wa pekee. Waajiri wengi huulizia vyeti vya mashirika ya kimataifa kama vile Security+ cha CompTIA, CEH cha EC-Council na CISSP cha ISC2. Hivyo ni vyeti vya taaluma, na thamani yake hutokana na mtihani unaosimamiwa na shirika lenyewe, wala si chuo kilichomfunza mtahiniwa.

Kipimo kinachotumiwa kuyakagua mashirika kama hayo ni kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17024, ambacho husisitiza kwamba utahini usiwe na upendeleo, ili anayefunza asiwe ndiye anayeamua nani amefuzu.

Kutokana na hayo, chuo kinaweza kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani wa kimataifa bila kuwa na uwezo wa kumpa cheti hicho. Cheti cha kuhudhuria masomo si sawa na cheti cha kufaulu mtihani. Isitoshe, ahadi nyingine haziwezekani. CISSP, kwa mfano, huhitaji tajriba ya kazi ya miaka mitano, ingawa digrii au cheti kinachokubalika huweza kupunguza mwaka mmoja. Anayemwahidi mhitimu wa kidato cha nne kwamba ataipata kamili baada ya miezi mitatu hasemi kweli.

Ulinzi wa sheria

Kuna sababu nyingine ya kutaka ithibati, nayo ni kubwa kuliko karo. Mwanafunzi wa somo hili hufundishwa mbinu zilezile ambazo mhalifu huzitumia: kutafuta nyufa katika mitambo, kupima nywila na kujaribu milango iliyofungwa.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inatoza faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili, kwa anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Kumiliki au kusambaza programu zilizoundwa kwa ajili ya uhalifu huo ni kosa pia.

Hata hivyo, sheria hiyo imeacha mlango mmoja wazi kuhusu programu na vifaa hivyo. Haihesabu kuwa kosa kitendo kilichokusudiwa kwa mafunzo, majaribio au ulinzi wa kompyuta, mradi kiwe na idhini. Neno idhini ndilo lenye uzito. Mwanafunzi anayejifunzia katika maabara iliyotengwa, chini ya mkufunzi mwenye leseni na kwa mtaala ulioidhinishwa, ana la kueleza akiulizwa. Aliyepewa programu ya udukuzi kwenye kisanduku cha kuhifadhia data na kuambiwa akajaribu nyumbani yuko pabaya, na mwalimu wake vilevile.

Kwa sababu hiyo, chuo kinachostahili huwa na kompyuta za mazoezi zisizounganishwa na mitambo ya watu wengine, na hufunza sheria na maadili tangu mwanzo.

Mataifa mengine

Ghana imechukua njia ya moja kwa moja. Sheria yake ya Usalama wa Mtandao ya 2020 iliipa mamlaka moja kazi ya kutoa leseni kwa watoaji wa huduma na ithibati kwa wataalamu. Utaratibu huo ulianza Machi 2023, na mafunzo ni miongoni mwa huduma zinazohitaji leseni.

Uingereza ilianza mwaka wa 2014, wakati shirika la ujasusi la GCHQ lilipoidhinisha digrii za kwanza za uzamili katika somo hili. Kazi hiyo baadaye ilihamia kwa kituo cha taifa cha usalama wa mtandao, NCSC, kilichoundwa mwaka wa 2016. Katika kozi fupi, wakaguzi walipima vitabu na maandalizi ya somo, na pia umahiri wa mwalimu mwenyewe.

Nchini Kenya jukumu limegawanywa kati ya vyombo vilivyotajwa. Mswada uliokusudia kuunda baraza la kusajili wataalamu wa teknolojia ya habari ulipitishwa na Bunge la Kitaifa, lakini Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikataa kuutia sahihi mwaka wa 2022. Waliopinga walihofia kwamba vijana wenye kipawa bila digrii wangefungiwa nje. Hoja hiyo ina mashiko, kwani wengi wa mafundi hodari wa kompyuta walijifunza wenyewe. Lakini pasipo baraza kama hilo, mzigo wa kuchunguza umebaki kwa mwanafunzi na mzazi wake.

Ithibati nayo ina mipaka. Mkaguzi huona hali ya siku aliyofika, ilhali mbinu za wadukuzi hubadilika kila mwezi. Shambulizi la Julai 2023 lililotatiza huduma za eCitizen lilionyesha kwamba taifa linahitaji watu wanaoweza kutenda, wala si wenye vyeti tu.

La kuuliza kabla ya kulipa

Kabla ya kulipa, inafaa mzazi aombe nambari ya usajili wa chuo na kuilinganisha na orodha ya TVETA. Aulize kama kozi yenyewe imeidhinishwa, mkufunzi ana leseni gani, ni baraza gani litakalotahini, na ada ya mtihani wa nje imo katika karo au la. Kisha aombe kuona maabara.

Chuo chenye mambo yaliyonyooka hakitasumbuliwa na maswali hayo, na majibu yake yatakuwa kwa maandishi. Kinachokwepa, au kinachomhimiza mzazi alipe leo kabla nafasi hazijaisha, kitakuwa kimejibu pia.