PENGO LA KAZI NA HAKI YA KUKAA: MWAJIRI SI MDHAMINI WA MKIMBIZI



Katika viwanda vya Mbarara na katika mashamba ya wilaya za jirani, kuna neno moja ambalo baadhi ya wasimamizi hupenda kumwambia mfanyakazi aliyetoka makazi ya Nakivale: "Ukiacha kazi hapa, huna ruhusa ya kukaa Uganda." Neno hili ni fupi, lakini limewatumikia sana wanaolisema. Kwa ajili yake watu wamekubali mshahara uliokatwa bila maelezo, wamekubali saa za ziada bila malipo, na wamenyamaza mwenzao alipoumia kwenye mashine. Wanaogopa kwamba siku watakayokosa kazi ndiyo siku watakayoikosa nchi.

Katika toleo hili tunataka kulichambua neno hilo. Je, ni kweli? Jibu letu ni kwamba ni kweli kwa wafanyakazi wa aina moja, na si kweli kwa wa aina nyingine. Na kwa bahati mbaya, wanaotishwa nalo zaidi ni wale wasiohusika nalo.

AINA MBILI ZA KARATASI

Mfanyakazi asiye raia anaweza kuwa kazini Uganda kwa njia mbalimbali. Mbili ndizo zinazotuhusu hapa, nazo hazifanani hata kidogo.

Njia ya kwanza ni kibali cha kazi. Kibali hiki hutolewa chini ya Sheria ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, na kimegawanywa katika madaraja ya herufi. Mwenye kiwanda au mwenye biashara ana herufi yake, na mwajiriwa wa kawaida yumo katika daraja la G. Kibali cha mwajiriwa huombwa kwa kazi fulani, kwa mwajiri fulani, kwa muda uliotajwa. Mwajiri ndiye anayeandika barua ya kumtaka mtu huyo, na bila barua hiyo hakuna kibali. Kwa hiyo mwajiri ni mti na kibali ni kivuli chake. Mti ukiondoka, kivuli hakibaki.

Njia ya pili ni hadhi ya ukimbizi. Hii inatoka katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na Kanuni zake za mwaka 2010. Hadhi hii haianzi na kazi unayofanya. Inaanza na hatari uliyoikimbia. Hutolewa na serikali kupitia Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na hakuna mwajiri aliyetia sahihi yake hapo. Sheria hiyo hiyo inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutafuta kazi na kufanya kazi ya kumpatia riziki. Tena inampa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, jambo ambalo wengi wetu hatujaambiwa.

MFANO WA WATU WAWILI

Tuchukue mfano. Kiwanda cha maziwa kina wafanyakazi wawili kwenye mtambo mmoja. Wa kwanza ni fundi aliyeletwa kutoka nchi ya nje kwa kibali cha kazi. Wa pili ni Mkongomani anayetoka Rubondo, ndani ya Nakivale, mwenye kitambulisho cha mkimbizi. Kiangazi kinaingia, majani yanakauka, ng'ombe wa Ankole wanapunguza maziwa, na kiwanda kinapunguza watu. Wote wawili wanaachishwa siku moja.

Kwa yule fundi, pengo hili ni hatari. Kibali chake kilikuwa cha kazi ile kwa mwajiri yule. Hata kama tarehe iliyoandikwa bado iko mbele, kazi ikiisha kibali hakimlindi tena. Hawezi kuvuka barabara na kuingia kiwanda kingine kwa karatasi ile ile. Mwajiri mpya lazima amwombee kibali kipya. Akikaa kimya akingoja bahati, siku zake zinageuka kuwa za kukaa bila ruhusa, na siku hizo zitamrudia baadaye. Atakapoomba hati ya ukaazi ataulizwa juu ya miaka aliyokaa kihalali. Hali kadhalika uraia kwa njia ya kuandikishwa: Katiba inamtaka mtu aliyehamia kwa hiari na kihalali awe ameishi nchini miaka isiyopungua 10. Kwa mtu huyu, pengo la kazi huzaa pengo la kibali, na pengo la kibali huharibu hesabu ya miaka.

Kwa yule Mkongomani mambo ni tofauti. Amepoteza mshahara, na hilo si jambo dogo, kwa maana watoto hawali hadhi. Lakini hakupoteza ruhusa ya kukaa. Alikuwa mkimbizi kabla ya kuajiriwa, alikuwa mkimbizi alipokuwa kazini, na ni mkimbizi baada ya kuachishwa. Anaweza kutafuta kazi kwa mwajiri mwingine kesho yake. Anaweza pia kukaa miezi sita bila ajira, akalima kipande chake Nakivale au akauza sokoni, na pengo hilo halimwondolei hadhi.

Tahadhari moja: haya ni ya mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa. Aliye bado mwombaji wa hifadhi, mwenye karatasi ya muda, hana budi kuifanya upya kila inapokwisha na kufuatilia ombi lake hadi apate jibu.

MTEGO WA PASIPOTI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limewaponza watu. Mara nyingine mwajiri humwambia mkimbizi, "Nenda kalete pasipoti ya nchi yako, nasi tutakuombea kibali cha kazi ili mambo yawe sawa." Maneno haya huonekana kama msaada. Yafikirini vizuri kabla ya kuyakubali.

Sheria ya Wakimbizi inasema kwamba hadhi inaweza kukoma mtu anapojirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Kuomba pasipoti katika ubalozi wa nchi hiyo kunaweza kuchukuliwa kuwa ndiko kujirudisha huko. Matokeo ni kwamba mtu anaacha karatasi isiyomtegemea mwajiri, anashika karatasi inayomtegemea mwajiri kwa kila kitu. Siku atakapoachishwa, lile neno la msimamizi ambalo jana lilikuwa uongo, leo limekuwa kweli.

Hata ile hoja ya ada haina msingi. Kanuni za 2010 zimemwondolea mkimbizi aliyetambuliwa malipo ya ada ili aanze au aendelee na kazi. Kwa hiyo mwajiri anayekukata mshahara akisema ni "ada ya kibali", mwombe akuonyeshe risiti ya serikali yenye jina lako. Na kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote inayohusu uhamiaji, ipeleke kwanza kwa ofisi ya wakimbizi ya makazi au kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi.

KINACHOVUNJA HADHI

Ikiwa pengo la kazi halivunji, basi kinachovunja ni nini? Ni pengo la karatasi.

Kati ya Machi na Oktoba 2018, serikali pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo madaftari yalionyesha watu kama milioni 1.4. Waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Asiyefika mbele ya mashine jina lake halikuhesabiwa tena miongoni mwa waliopo, hata kama alikuwa Uganda wakati wote huo. Mtu aliyekuwa zamu ya usiku Mbarara, akisema atakwenda wiki ijayo, alijiweka katika hatari kubwa kuliko yule aliyekuwa hana kazi kabisa.

Kwa hiyo tunawahimiza wanaofanya kazi mbali na Nakivale mambo yafuatayo.

Kwanza, kijue kitambulisho chako kinakwisha lini, uanze kukifanya upya mapema.

Pili, uhakiki ukitangazwa, omba ruhusa kazini kwa maandishi. Mkiwa wengi, ombeni pamoja kupitia chama.

Tatu, usirudi katika nchi uliyoikimbia kutafuta kibarua wakati wa pengo. Safari ya namna hiyo inaweza kusomwa kuwa hatari imekwisha.

Nne, weka mahali pamoja kila karatasi inayoonyesha kwamba ulikuwa hapa: karatasi ya familia, mikataba ya kazi, karatasi za mshahara, kadi za hospitali, ripoti za shule za watoto.

MIAKA INAYOHESABIWA

Karatasi hizo ni za nini? Ni kwa sababu ya njia ndefu ya uraia. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba mkimbizi hawezi kutumia njia ya kuandikishwa, lakini hakuzuiwa kuomba uraia wa tajinisi. Masharti yake yameandikwa: jumla ya miaka 20 ya kuishi Uganda, kuishi nchini mfululizo miezi 24 iliyotangulia ombi, kujua Kiingereza au mojawapo ya lugha za nchi zilizoainishwa, tabia njema, na nia ya kuendelea kuishi hapa. Kutimiza masharti si kupewa, maana uamuzi ni wa Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji. Lakini yasomeni tena. Katika masharti hayo hakuna linalodai miaka 20 ya ajira. Linalodaiwa ni miaka ya kuishi. Mwezi uliokaa bila kazi Mbarara au Nakivale unahesabiwa sawasawa na mwezi uliofanya kazi, ili mradi uweze kuuthibitisha.

Nchi ya Ankole inajua uchungu wa miaka isiyoheshimiwa. Mnamo Oktoba 1982, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika eneo la Mbarara. Wengi walivuka mpaka, wengine walisukumwa katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Walikuwamo waliokaa miaka mingi, na walikuwamo raia. Tunalikumbusha hili si kwa kufufua chuki, bali kwa sababu linatufundisha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Karatasi inahitaji wenzako wa kuisimamia, na ndiyo maana tuna chama.

UKIACHISHWA, DAI HAYA

Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya taifa. Haki zifuatazo ni za raia na mkimbizi vilevile.

Notisi: wiki 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka, mwezi 1 kwa aliyefanya mwaka hadi miaka 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, miezi 3 kwa miaka 10 na zaidi. Mwajiri asipotoa notisi, alipe fedha badala yake.

Vibarua: Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Cheti cha utumishi: kiombe. Kinakusaidia kupata kazi nyingine, na ni ushahidi wa mahali ulipokuwa.

Akiba ya NSSF: mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, wajib huu ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Pengo la kazi halifuti akiba yako.

Malalamiko: aliyeachishwa isivyo haki apeleke shauri kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Ukichelewa kwa hofu ya kufukuzwa nchini, muda unakupita na mwajiri anashinda bila kujibu.

Ndugu, msimamizi ana uwezo wa kukunyima zamu ya kesho. Hana uwezo wa kukunyima nchi. Mweleze jambo hili mwenzako wa mtambo wa pili na wa mstari wa pili wa chai, na kitambulisho chako kikague leo kabla hujalala.