Teke la Bunduki na Hesabu Iliyo Nyuma Yake

Bunduki inapofyatuliwa, gesi ya baruti inayosukuma risasi kwenda mbele husukuma pia bunduki yenyewe kurudi nyuma, na msukumo huo wa nyuma, ambao kwa kawaida huitwa teke, ni tokeo la kanuni ya tatu ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687. Hakuna ufundi unaoweza kuufuta. Kinachowezekana ni kuupunguzia makali tu, ama kwa kuongeza uzito wa bunduki, ama kwa kuutawanya katika muda mrefu zaidi na eneo pana zaidi la bega. Kwa hiyo teke lililozidi kiasi ni taarifa kuhusu hali ya bunduki kabla ya kuwa suala la uvumilivu wa mpigaji.

Katika bonde la Pangani taarifa hiyo imesomwa kwa mabega tangu karne ya 19, wakati biashara ya misafara ilipowaletea Wazigua wa Handeni bunduki kutoka pwani, na Semboja wa Mazinde, katika Korogwe ya leo, alipojijengea nguvu kwa silaha hizo hizo dhidi ya watawala wenzake wa Kikilindi waliokuwa milimani Usambara. Nyingi zilikuwa za kushindilia, yaani baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kukandamizwa kwa ufito, muundo ambao gobore la mhunzi wa kijijini limeurithi karibu bila mabadiliko. Kilichobaki Ulaya ni ukaguzi: mjini London tangu karne ya 17, na Birmingham tangu 1813, mitutu ilijaribiwa kwa baruti iliyozidi kiwango cha kawaida na kugongwa muhuri iliposalimika, ilhali gobore hujaribiwa na yule anayeliegemeza shavuni.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwezi Juni 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteremka na kuingia Korogwe na kisha Handeni, askari wa jeshi la Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walibeba aina mbili za bunduki zinazofaa kulinganishwa. Mauser ya mwaka 1871 ilitumia baruti nyeusi na kurusha risasi ya gramu 25 kwa kasi ya mita 435 hivi kwa sekunde. Uzito wa risasi kwa kilo ukizidishwa kwa kasi hupatikana kiasi cha mwendo, ambacho hapa kinakaribia 10.9, na kwa kuwa bunduki nayo hupokea kiasi hicho hicho kuelekea nyuma, ile ya kilo 4.5 ilirudi begani kwa kasi ya mita 2.4 hivi kwa sekunde, kabla hata ya kuhesabu gesi inayotoka mdomoni, ambayo huongeza msukumo wake. Laiti bunduki ingekuwa ya kilo 3, kasi ingefikia mita 3.6, na nishati inayolipata bega ingeongezeka kwa nusu nzima. Mauser ya 1898, yenye risasi ya gramu 10 na kasi ya mita 880 hivi, ilitoa kiasi cha mwendo cha 8.8 tu. Tofauti hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa, na kwa haki lawama kubwa ya bunduki ile kongwe ilikuwa moshi, uliomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha.

Baruti nyeusi ina kasoro nyingine inayohusu teke moja kwa moja, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa mabaki magumu baada ya kuungua, na masizi hayo hujibandika ndani ya mtutu, huubana, na kuifanya kila risasi inayofuata ishindiliwe kwa shida zaidi ya iliyotangulia. Mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori huweza kudhani kwamba bega lake limechoka, kumbe shinikizo ndani ya mtutu limepanda. Tope mdomoni au baruti iliyomiminwa mara mbili kwa kusahau huleta hatari kubwa zaidi, kwa sababu bomba la maji lililogeuzwa mtutu halikutengenezwa kustahimili shinikizo la mlipuko, na linapopasuka hupasukia karibu na mkono wa kushoto na uso. Teke lililobadilika ghafla halina dawa nyingine ila kuiweka chini silaha hiyo na kutoifyatua tena.

Bunduki inayojipakia yenyewe, yaani ile inayotumia nguvu ya mlipuko kutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya kila kifyatulio kinapovutwa, hulitawanya teke kwa njia ya werevu: sehemu ya nguvu hukisukuma nyuma kifungio cha chumba cha risasi, nacho huibana springi, hivyo bega husukumwa kwa muda mrefu zaidi badala ya kupigwa pigo moja fupi. Mpango huo husimama juu ya ulinganifu wa uzito wa kifungio, ugumu wa springi na wingi wa gesi, ulinganifu ambao kiwanda huupata kwa vyombo vya kupimia shinikizo. Aliyeiunga bunduki kama hiyo nyumbani hana vyombo hivyo. Kifungio kinapokwenda kasi kupita kiasi hugonga mwisho wa njia yake na mpigaji huhisi pigo la pili, na pengine chumba huanza kufunguka shinikizo lingali juu, jambo linaloweza kupasua ganda la risasi karibu kabisa na uso wake. Sponji kitakoni humpa nafuu ya bega, lakini huificha dalili pekee aliyokuwa nayo.

Nchini Tanzania swali la kuirekebisha silaha ya namna hiyo halifiki mezani kwa fundi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kutengeneza silaha bila leseni, iwe gobore au bunduki ya kisasa, na aliyenayo nafasi yake ni kuisalimisha polisi, ambako vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari vimewahi kutangazwa. Mwenye bunduki halali iliyoanza kupiga teke kuliko zamani huipeleka kwa fundi mwenye leseni, ikiwa tupu, pamoja na risasi za aina aliyokuwa akitumia, maana mara nyingine kosa limo katika risasi.