Kungoja Nimengoja

Jumamosi moja alfajiri, kesha lilipokwisha, mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na steji ya Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Mwanawe alimaliza chuo miaka minne iliyopita na hajapata kazi. Mhubiri mmoja alikuwa amemwambia apande mbegu, yaani atoe sadaka nzito, na kazi ingepatikana ndani ya siku saba. Akatoa. Siku saba zikapita, kisha miezi saba. "Mwalimu," akaniuliza, "imani yangu ina kasoro gani?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara huniuma, kwa sababu anayeuliza huwa tayari amejihukumu. Mimi hufundisha lugha za Biblia, basi nikaanzia kwenye maneno.

Kiswahili kinatupa maneno mawili tunayoyachanganya. "Tumaini" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia, moyo ukakaa mahali pake. "Kutaraja" ni kutazamia kitu ambacho bado hakijafika. Mkristo anahitaji yote mawili. Akitumaini bila kutaraja, huacha kuomba kwa kutaja jambo. Huomba maombi ya jumla yasiyoweza kujibiwa wala kukataliwa. Akitaraja bila kutumaini, hukosa usingizi.

Kiebrania cha Agano la Kale kina kitenzi "kava", ambacho Biblia zetu hukitafsiri "kungoja". Nomino yake, "tikva", ina maana mbili: tumaini, na kamba. Ndilo neno linalotumika katika kitabu cha Yoshua, sura ya 2, kwa ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani pale Yeriko. Wataalamu wengi wanaona kwamba mzizi wake unahusu kusokota au kunyoosha uzi. Kwa hiyo kungoja huku si kukaa bure. Ni kuwa umeshika ncha moja ya kamba na kuamini kwamba ncha ya pili imeshikwa. Zaburi ya 40 inaanza kwa kukirudia kitenzi hicho, kwa muundo ambao haumshangazi Mswahili hata kidogo: kungoja nimengoja. Watafsiri wetu wakauweka urudufu huo katika neno "saburi". Ni tafsiri nzuri, ingawa mimi huusikitikia ule mdundo uliopotea, maana ndani yake mna sauti ya mtu aliyengoja mpaka akachoka, na bado anangoja.

Paulo naye, akiwaandikia Warumi sura ya 8, anatumia neno la Kigiriki lililoundwa kwa "kichwa" na "kutazama": kunyoosha shingo. Yeyote aliyesimama steji ya Uthiru saa kumi na mbili asubuhi, watu wakichungulia upande wa Kinoo kama kuna matatu ya kwenda mjini yenye nafasi, amekwisha kuiona picha hiyo. Hakuna anayelala pale. Wala hakuna anayemwamuru dereva atokee dakika gani.

Sasa turudi kwenye mbegu, maana neno hili limeonewa. Yakobo, sura ya 5, anapotaka kuonyesha subira anamleta mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ya Biblia, ile ya kwanza hunyesha kuanzia Oktoba na kulainisha ardhi iliyokauka. Ile ya mwisho huja Machi na Aprili na kujaza masuke. Hapa Kabete tuna mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Nyumba za kupanga zimemeza mashamba mengi ya Uthiru, lakini bado wapo wanaolima vipande vilivyobaki, na wengine hupanda ardhi ikiwa kavu, mawingu yakiwa bado hayajakusanyika. Huko ndiko kutaraja. Mkulima huyo ametoa mbegu halisi, ametoka jasho, na hana risiti ya kuidai mvua. Anayeuza muujiza wenye tarehe amelichukua jembe mkononi mwa mkulima na kumpa mkataba ambao Mungu hakuutia sahihi. Ahadi za namna hiyo zaweza kufika mbali kuliko kupoteza pesa: tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu ambao wengi wao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Lakini mama yule hakuuliza habari za wahubiri. Aliuliza kasoro iko wapi. Nikamfungulia Waebrania 11, sura ambayo sote huipenda kwa mistari yake ya mwanzo na kuichoka kabla ya mwisho. Kwanza bahari inapasuka, kuta zinaanguka, vinywa vya simba vinafungwa. Kisha, bila kubadilisha mada, mwandishi anawataja waliopigwa mawe na waliokatwa kwa misumeno. Wote anawasifu kwa imani ileile. Hasemi kwamba wa pili walikuwa na imani pungufu.

Na mfano wa imani hiyo hauko mbali na hapa. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, ulifika Kabete mwishoni mwa miaka ya 1930, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955 aliwekwa wakfu kuwa mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana nchini Kenya. Mwaka 1949 maelfu walikutana Kabete kuomba na kuungama. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Wengi wa watu wa Uamsho huo, walioitwa Ahonoki kwa Kikuyu, yaani waliookoka, walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni. Walimtaraja Mungu awalinde. Wengine waliishi wakazeeka, wengine wakauawa. Ni jibu lilelile la vijana watatu wa Danieli sura ya 3: Mungu aweza kutuokoa na tanuru, na asipotuokoa hatutasujudu.

Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo niache kuomba hiyo kazi?"

La, mama. Iombe kwa kuitaja.

Ijumaa iliyofuata alikuja na mwanawe. Kijana alikuwa na bahasha ya vyeti, maana Jumatatu alikuwa na mahali pa kupeleka maombi ya kazi. Mama akaiweka bahasha kwenye kiti, akapiga magoti kando yake, akaitaja kazi, akamtaja mwanawe. Hakutaja tarehe.