Kopo la Unga na Sahani ya Maharage

Mkimbiaji wa kilo 60 anayejifua kila siku anahitaji protini gramu 72 hadi 120. Mwanafunzi wa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya chuo cha SUA, Mazimbu, Morogoro, anaweza kuzifikia bila kopo la unga wa protini. Gramu 100 za maharage makavu zina takribani 22, ugali wa siku nzima huongeza ishirini na kitu, na dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, humalizia hesabu kwa bei isiyotisha. Wakimbiaji mahiri wa Kenya ambao mlo wao ulipimwa katika utafiti uliochapishwa 2004 walikula gramu 1.3 tu kwa kila kilo ya mwili.

Basi kopo linatibu ugonjwa ambao wengi hawana. Pengo liko kwenye chuma, madini yanayoiwezesha damu kubeba oksijeni. Mkimbiaji hukipoteza kwa jasho, kwa damu kidogo inayovuja utumboni, hata kwa chembe nyekundu zinazopasuka nyayo zikipiga barabara. Kwa wasichana kuna pia hedhi. Isitoshe, ukishuka mbio kutoka Morningside mlimani umechoka hoi, ini humwaga homoni iitwayo hepsidini, na saa tatu hadi sita baadaye utumbo hukifungia chuma mlango. Kwa hiyo kula mapema, mara tu baada ya mazoezi. Unga wa protini ya maziwa una chuma kidogo mno, na kalsiamu yake hupunguza kile kinachofyonzwa kutoka kwenye mlo.

Maharage nayo, hata aina ya Rojo iliyozalishwa na SUA wenyewe, chuma chake kimefungwa na fitati, hivyo hakifyonzwi vizuri. Yaloweke usiku, umwage maji. Chungwa mezani husaidia. Chai ya rangi huharibu, na mimi ningeanza kwa kuisogeza chai hiyo saa moja mbele kabla ya kugusa kitu kingine.

Vidonge? Pemba, 2003, jaribio la kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki lilisimamishwa baada ya waliopewa kulazwa au kufa zaidi; malaria ilihusika. Watoto si wanariadha, lakini Morogoro pia ina malaria. Ukichoka wiki kadhaa bila sababu, kapime kwanza ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Usiende siku ya homa: homa huipandisha, na upungufu hauonekani.