Mwendo wa Nyoka: Je, ni Ufundi au ni Wizi?

Kaeni karibu na redio. Mwenye daftari na alifungue, maana leo tuna maneno manne ya kuandika. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni polepole, kwa herufi kubwa: GEMU. KUTELEZA. MSUKUMO. HAKI.

Neno la mwisho mnalijua tangu utoto. Hayo matatu ya kwanza ndiyo yatakayotufikisha kwake.

Gemu ni mchezo unaochezwa kwa mashine yenye kioo. Mchezaji hubonyeza vitufe, na picha zilizomo katika kioo humtii. Watoto wenu wanazijua gemu vizuri; wengine hutoa fedha zao ndogo wakacheza katika vibanda. Ziko gemu za mpira, ziko za vita, na ziko za mbio za magari. Leo tutazungumza habari za mbio za magari, na hasa gemu moja mashuhuri iitwayo Mario Kart, kazi ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1992. Ndani yake hushindana vigari vidogo, na madereva ni vikaragosi: mtu mfupi mwenye masharubu, kobe, sokwe na wengineo. Usicheke, bwana. Ugomvi uliozaliwa katika gemu hii ni ugomvi wa watu wazima.

Mwaka 2005 ilitoka Mario Kart DS. Hii ilichezwa katika mashine ndogo ya kushikwa mkononi, inayokunjwa kama kitabu. Ilikuwa Mario Kart ya kwanza ambayo watu waliweza kushindana kwa njia ya intaneti. Madereva wanne waliweza kuwa katika mbio moja, mmoja yuko Ufaransa, mwingine Marekani, wa tatu Japani, wa nne Uingereza. Hawakuonana uso wala hawakusemezana wakiwa mbioni. Kila mmoja aliona kigari cha mwenzake tu.

Sasa tutazame neno la pili, KUTELEZA. Gari linapokata kona kwa kasi, sehemu ya nyuma huteleza kwa ubavu. Dereva wa basi huogopa jambo hilo, na afadhali aogope. Lakini katika gemu hii kuteleza ni jambo zuri. Mchezaji akiwa katika kuteleza, akakibonyeza kitufe cha usukani kushoto na kulia upesi upesi, cheche hutoka katika magurudumu na kubadilika rangi. Halafu akiacha kuteleza, kigari hupata MSUKUMO, yaani nguvu ya ghafula ya kukipeleka mbele kwa kitambo kidogo. Hiyo ni zawadi ya mtu aliyekata kona kwa ustadi.

Lakini wachezaji hodari walijiuliza swali. Je, ni lazima pawe na kona? Wakajaribu katika njia iliyonyooka. Wakateleza kulia, wakapata msukumo. Kabla haujaisha wakateleza kushoto, wakapata mwingine. Kisha kulia tena. Kigari hakikwenda sawasawa. Kilipinda huku na huku kama nyoka anayevuka barabara, na kwa sababu hiyo watu wakauita mwendo wa nyoka. Kwa macho yaonekana kama mlevi anatafuta njia ya kwake, lakini alimwacha mbali sana yule aliyekwenda moja kwa moja. Na kazi yake si ndogo. Kidole gumba kilipigapiga kitufe mbio nzima bila kupumzika, na aliyekosea alijikuta ukutani au nje ya njia.

Ugomvi ukaanza hapo. Mtu aliyenunua mashine yake juzi aliingia katika mbio, akaona wenzake wamepotea machoni kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Akasema: huu ni wizi. Wengine walizima mashine katikati ya mbio, na waliobaki wakashindana na njia tupu. Wenye mwendo wa nyoka nao wakajibu: sisi tumeiba nini? Kitufe ninacho mimi, kitufe unacho wewe. Jifunze.

Kumwita mtu mwizi si neno jepesi. Kwa hiyo tupime kwanza wizi ni nini katika mchezo. Wakati ule ule walikuwako watu waliotumia vifaa vya pembeni kuibadilisha programu yenyewe ya gemu, yaani yale maagizo yanayoiendesha mashine. Mtu wa namna hiyo alipata nguvu ambayo mwenzake hakuweza kuipata hata angefanya mazoezi miaka kumi. Huyo ni mwizi, sina shaka. Ni kama mtu anayecheza bao huku akificha kete katika mkono wa kanzu. Lakini mwenye mwendo wa nyoka hakuficha kete. Alihesabu vizuri kuliko mwenzake tu, kwa kete zile zile zilizo wazi ubaoni.

Wako wasemao kwamba waliotengeneza gemu waliuweka msukumo kwa ajili ya kona, wala si kwa njia iliyonyooka, kwa hiyo kuutumia pengine ni kuvunja sheria. Hoja hii ina uzito, lakini mimi hainitoshi. Tazameni mchezo wa kuogelea. Zamani palikuwa na mashindano ya kuogelea kifudifudi, mikono ikisukuma maji kama chura. Katika miaka ya 1930 waogeleaji wengine waligundua kwamba sheria haikukataza kuirudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji, hewani. Wakafanya hivyo, wakawashinda wenzao wa mtindo wa chura. Hawakuwa wezi, maana sheria iliwaruhusu. Lakini mbio zenyewe ziliharibika, kwa kuwa mitindo miwili ilikuwa ikishindana kana kwamba ni mmoja. Basi mwaka 1952 wakubwa wa mchezo huo wakaitenga, na mwaka 1956, katika michezo ya Olimpiki ya Melbourne, mtindo mpya ukapata mbio zake wenyewe. Waliuita kipepeo, na mpaka leo watu hushindania medali zake.

Mtaona kwamba neno HAKI lina nyumba mbili. Iko haki ya mtu: je, huyu ameiba? Na iko haki ya shindano: je, watu hawa walistahili kuwekwa pamoja? Mwenye mwendo wa nyoka ana haki ile ya kwanza. Ile ya pili ndiyo iliyokosekana mara nyingi, na kosa lake si la dereva, bali la mpangaji wa mbio. Nintendo wenyewe walilijua jambo hili kwa kiasi, maana katika Mario Kart DS mchezaji aliweza kuomba apewe wapinzani wa uwezo kama wake. Lakini aliyechagua kucheza na dunia nzima alipewa dunia nzima, pamoja na nyoka wake.

Mwaka 2008, katika Mario Kart Wii, kampuni ilibadili mambo. Kutikisa kitufe kushoto na kulia hakukusaidia tena. Dereva alipaswa kuteleza kwa muda fulani ndipo apate msukumo, na katika njia iliyonyooka muda huo ulimpotezea kuliko ulivyomfaa. Kila mchezaji wa intaneti alianza na pointi 5000. Akishinda zinapanda, akishindwa zinashuka, na wachezaji waliziona pointi za wenzao. Hilo la pointi nalisifu kuliko lile la kitufe, kwa sababu lilimwambia mtu mapema anakutana na nani. Lakini ugomvi haukuisha. Gemu hiyo ilileta pikipiki, na pikipiki ikiinua gurudumu la mbele katika njia iliyonyooka huongeza kasi. Vijana wetu wa bodaboda hawakuhitaji kufundishwa na Wajapani! Mara malalamiko yakarudi, safari hii juu ya pikipiki. Na katika Mario Kart 8 ya mwaka 2014 watu waligundua kwamba ukirukaruka baada ya msukumo, msukumo hauishi upesi. Toleo jipya la mwaka 2017 likaiondoa njia hiyo.

Huduma ya intaneti iliyounganisha wachezaji wa gemu zile mbili za 2005 na 2008 ilifungwa na Nintendo mwezi wa Mei mwaka 2014. Maswali yake hayakufungwa. Huenda jioni moja watoto wawili wakakujia, mmoja analia, wa pili amenuna, na neno “mwizi” limekwisha tamkwa. Usikimbilie kuchapa wala kuizima mashine. Mwulize anayelia: aliyoyafanya mwenzako, mashine yako yaweza kuyafanya? Akisema hapana, chunguza zaidi, huenda kuna wizi kweli. Akisema yaweza, ila yeye hajui, basi hapana mwizi nyumbani mwako. Wapatane kabla ya mbio inayofuata: ama wote waende kwa mwendo huo, ama wote wauache, ama anayeujua amfundishe asiyeujua. Mimi ningeanza na hili la tatu, ingawa mkubwa atanung'unika.

Sasa mazoezi. Fikirini mchezo mmoja wa kwenu, iwe bao, ngalawa, mieleka au mpira, ambao sheria yake ilibadilishwa kwa sababu ya mtu mmoja hodari kupita kiasi. Andikeni sentensi nne juu yake, mtumie neno HAKI mara mbili. Mkimaliza, someaneni kwa sauti. Kwa herini.