Usikubali Kupigiwa Windows Upya Kabla ya Kuulizwa Ulibadilisha Nini

Mwenye steshenari pale Katubuka, Kigoma, anaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, anabadili kipengele kimoja na kuhifadhi. Mashine inajizima, inawaka, kisha inakwama kwenye kioo cheusi chenye maneno "No bootable device". Ndani yake mna madeni ya wateja, barua za serikali ya mtaa na mitihani ya shule za jirani. Ushauri wa kwanza atakaoupata ni huu: "Piga Windows upya." Kwa kawaida ushauri huo ndio unaoleta hasara. Kukosea mipangilio ya kuwaka hakufuti faili. Kinachofuta ni kufomati diski.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, si Windows inayoanza. Huanza programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi, iitwayo BIOS, au UEFI katika mashine za miaka ya karibuni. Hiyo hukagua memori, hutafuta diski, kisha huikabidhi Windows kazi. Mipangilio yake ndiyo inayoamua diski ipi ianze na isomwe kwa mtindo gani. Mtindo usipolingana na ule uliotumika wakati Windows inawekwa, diski nzima na salama itaonekana kama haipo.

Kosa hili linaweza kumpata mtu yeyote anayehangaika kuhamia Windows 11. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai UEFI, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mtu anaingia BIOS na kuwasha Secure Boot. Kumbe Windows yake iliwekwa kwa mtindo wa zamani, Legacy, kwenye diski yenye jedwali la MBR. Mashine inagoma. Dawa ni kurudi BIOS (kwenye Dell bonyeza F2, HP F10, Lenovo F1 au F2 mara tu unapowasha), kuzima Secure Boot na kurudisha Legacy, ambayo baadhi ya mashine huiita CSM. Anayetaka kuhama kweli atumie MBR2GPT, programu iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703. Hubadilisha jedwali la diski bila kufuta faili, ingawa nakala ya akiba ni lazima itangulie.

Kosa la pili liko kwenye mstari wa SATA, unaopanga jinsi diski inavyowasiliana na mashine: AHCI au RAID. Windows iliyowekwa kwa AHCI ukiipeleka RAID, au kinyume chake, huleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Rudisha ilivyokuwa, itawaka. Hapa "Load Defaults" inahitaji tahadhari: Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID, na fundi aliyekuwekea Windows huenda alichagua AHCI. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kunaweza kuwa ndiko kunakoizuia isiwake.

Betri ya mazabodi nayo ina mchango wake. Mji wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na wenye kompyuta za mezani wanajua maana ya umeme kukatika. Umeme ukikatika, betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, ndiyo inayoiendesha saa, na katika mashine nyingi za zamani ndiyo inayotunza mipangilio. Ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani bila mtu kugusa kitu. Dalili yake ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi kila unapowasha. Badilisha betri, rekebisha saa, kisha kagua SATA na mpangilio wa diski.

Kama mipangilio iliharibiwa ndani ya Windows yenyewe, acha ijaribu kuwaka. Ikishindwa mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua ukurasa wa kujikarabati. Humo mna Startup Repair, System Restore na Safe Mode. Zote zijaribiwe kabla ya kufikiria kufomati.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data za diski. Diski iliyofungwa nayo ikiona Secure Boot au TPM vimeguswa, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo hukaa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usifute TPM kabla ya kuupata. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft. Kuiondoa faili hiyo ilikuwa kazi fupi, lakini pale ufunguo wa BitLocker ulipokosekana kazi ilikwama.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mashine yenye tatizo la namna hii haina sababu ya kusafirishwa huko. Kabla hujagusa BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uwe na nakala ya faili zako nje ya mashine. Na fundi akitaka kufomati kabla ya kukuuliza ulibadilisha nini, chukua kompyuta yako utafute mwingine.