Mkono, Jicho na Mwelekeo wa Mwili

Aghalabu binadamu huuamini mkono wake. Jambo ambalo jicho limelitilia shaka huguswa ili lithibitishwe. Hata hivyo, utafiti wa saikolojia umedhihirisha kwamba mkono nao hukosea, na kosa lake lina utaratibu.

Katika miaka ya 1990, Astrid Kappers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawawekea mezani vyuma viwili vyembamba, kimoja kushoto na kingine kulia. Mhusika alikipapasa cha kwanza, kisha akakizungusha cha pili hadi akahisi kwamba viko sambamba. Kumbe havikuwa sambamba! Chuma cha kulia kiligeuzwa kupita kiasi kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, pengine kwa nyuzi 40. Kadiri vyuma vilivyotengana, ndivyo kosa lilivyozidi.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kueleza chanzo cha kosa hilo. Maneno "mbele", "nyuma" na "kulia" (yaani mkono wa kulia chakula) hutegemea mwili wa msemaji. "Kaskazini" na "kusini", yanayohusiana na pepo za kaskazi na kusi, hayabadiliki msemaji anapogeuka. Mkono hutumia vipimo vyote viwili kwa pamoja: hutafuta mwelekeo wa kitu katika ulimwengu wa nje, ilhali haujitengi na mwelekeo wake wenyewe. Ndiyo maana mkao wa kiganja unapobadilishwa, ukubwa wa kosa nao hubadilika.

Jicho huupunguza mvutano huo. Waliokiona chumba, bila kuviona vyuma wala mikono yao, walikosea kidogo kuliko waliofungwa macho. Vilevile, wenye uwezo wa kuona waliosubiri sekunde 10 kabla ya kukizungusha chuma cha pili walifanya vizuri zaidi. Kwa waliopofuka tangu utotoni, kusubiri huko hakukuleta nafuu.

Matokeo haya yanamhusu mwalimu anayemfundisha mwanafunzi asiyeona kwa ramani za mistari iliyoinuliwa. Mistari miwili iliyotengana sana huenda ikahisiwa vingine na kila mkono. Kwa hivyo, yafaa ramani iwe ndogo na iwekwe mbele ya kifua. Aidha, mwanafunzi anapokosea mwelekeo, asihukumiwe kuwa mzito wa kuelewa. Yamkini mkono wake umesema kweli kwa kipimo cha mwili wake.